Nyongeza kwenye flashi

Kaka wa Flashi hakuwahi kuniuliza ninapenda nini. Meza yake ilikuwa jirani na soko la Kilombero, hapa Arusha, chini ya mwavuli uliopauka wa kampuni moja ya simu: kompyuta mpakato iliyopasuka kioo kwenye pembe, spika moja inayokoroma, daftari la kaunta lenye majina ya sizoni kwa kalamu ya bluu, na kopo la Blue Band lililojaa flashi za wateja, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake zisije zikachanganyika. Yangu ilikuwa na uzi mwekundu. Unamkabidhi, anaichomeka, anapekua kilichomo taratibu kama nesi anayesoma kadi ya kliniki, halafu anauliza:

“Dada, hii ya juzi ulilala wapi?”

Ulilala wapi. Kwa maelezo yake, mteja ukimuuliza anapenda nini atakutajia kile anachotaka aonekane anakipenda. Mama mtu mzima atasema anapenda muvi za dini, na flashi yake imejaa mapanga. Lakini hakuna anayeona aibu kusema usingizi ulimchukua sehemu ya tatu. Ukishamwambia, anatikisa kichwa, anafuta, anakuwekea ulichokifuata, na kabla hajachomoa anaongeza kitu kimoja ambacho hukukiomba. Hicho alikiita nyongeza, kama zile nyanya mbili anazokutupia mama wa sokoni juu ya fungu ulilokwisha kulilipia. “Hii hailipiwi. Usipoipenda njoo unitukane.”

Nilikwenda kumtukana mara nyingi. Mara ya kwanza alinipakia mapenzi ya Kikorea, sehemu kumi na sita, kwa sababu tu mimi ni mwanamke na wanawake walionitangulia siku ile walikuwa wamebeba hizohizo. Nilirudi siku chache baadaye nikamwambia mbele ya watu kwamba nimekua na kaka watatu, nimejifunza kushika pedi kwenye kibanda cha gemu kabla sijajua kusonga ugali, na mtu akitaka kunifurahisha anipe kitu chenye hesabu ndani yake: wizi wa benki, kesi mahakamani, vita vya ujanja. Alicheka mpaka akaegemea mlingoti wa mwavuli. Tangu siku hiyo hakuniwekea tena mapenzi ya Kikorea. Ambacho sikumwambia ni kwamba zile sehemu kumi na sita nilizimaliza zote kwa siku tatu, nikafuta kumi na tano, na ile ya mwisho nikaificha kwenye folda ya flashi iliyoandikwa VYETI.

(Najua biashara yake haikuwa na baraka za mwenye haki yeyote, na watu wa COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wakipita hapa watanikunjia uso. Siitetei. Ndiyo njia tuliyopitia, mimi na nusu ya mtaa, kuvijua vitu ambavyo hatukujua kama vipo duniani.)

Siku hizi kazi ya nyongeza imechukuliwa na simu. Ukimaliza video inakuletea nyingine, ukimaliza wimbo inakupigia unaofuata, ukifuta gemu inakuonyesha kumi. Watu wanabishana kama mapendekezo hayo yanamsaidia mtu kugundua kitu kipya au yanamzungusha palepale. Mimi jibu langu limebadilika mara mbili, na simu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni intaneti niliyokuwa nayo.

*

Mwaka 2020 nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku, kwenye loji moja upande wa Tengeru. Mwezi wa nne ndege za kimataifa zilisimama, wageni wakakatika kama maji ya bomba, na hata anga lilipofunguliwa mwezi wa tano funguo za vyumba ziliendelea kuning'inia ukutani. Bosi alibakiza watu wachache wa kulinda mali. Mimi nilibaki kwa kuwa nilijua kuwasha jenereta. Mshahara ulikatwa nusu. Waifai haikukatwa, maana ilikuwa imeshalipiwa ya mwaka mzima.

Basi kwa miezi saba hivi, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa tajiri. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuishi kwa bando anaweza kuielewa raha ile. Nilikuwa nafungua kitu, nakiacha dakika ya pili, nafungua kingine, bila ule mchomo wa moyoni wa kuhesabu MB. Niliangalia fundi anayefufua saa zilizokufa, nikaangalia mechi za chesi za wazee waliokwisha kufa, nikaangalia jinsi meli zinavyopita kwenye mfereji wa Panama. Wiki mbili hazikuisha, ukurasa wa simu yangu ukawa haufanani na wa mtu yeyote ninayemfahamu.

Usiku mmoja ikaniletea video ya mtu anayecheza gemu linaitwa Mini Metro. Limetengenezwa New Zealand, na kwenye kompyuta lilitoka mwaka 2015. Halina bunduki, halina mpira, halina hata mtu. Kuna vituo vya duara, pembetatu na mraba, na abiria ni vitone vidogo vyenye umbo la kule wanakotaka kwenda. Kazi yako ni kuvuta mistari ya treni kwa kidole, kituo hadi kituo. Mji unakua, vituo vinaongezeka, na mwishowe kituo kimoja kinafurika na umeshindwa. Nilimwona yule mtu anahangaika na kituo kilichojaa pembetatu, nikaiona Kilombero ya saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, vifodi (daladala zetu) vitatu, watu mia.

Nilichukua fomu ya kusajili wageni, nikaigeuza, nikachora njia za vifodi vyetu: Kijenge, Njiro, Sakina, Ngaramtoni, Kwa Mrombo. Karibu zote zinakwenda kujifunga fundo katikati ya mji. Nilikaa naitazama ile karatasi hadi mzee mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgeni aliyeandikisha. Wiki iliyofuata nilimwomba dada yangu, mwenye kadi ya benki, anilipie gemu lile, na mpaka leo lipo.

Arusha nzima hakuna mtu ambaye angeniambia kuhusu gemu hilo. Kaka wa Flashi mwenyewe hajawahi kulisikia; nilipomwonyesha aliuliza kama simu yangu imeharibika rangi. Kwa hiyo mtu akisimama akasema mashine haigundui chochote kipya, namwona ameongeza chumvi. Mimi ilinigundulia.

*

Halafu nikaanza kudadisi ilijuaje.

Kumbe ndani yake hakuna anayejua treni wala pembetatu. Wazo la msingi ni la miaka ya mwanzo ya tisini na ni jepesi kama la kijiweni: tafuta watu waliofanya kama wewe, uone walifanya nini kingine. Mwaka 2003 wahandisi wa Amazon walieleza hadharani namna yao, kwamba wao hawalinganishi mtu na mtu bali bidhaa na bidhaa. Waliobeba hiki walibeba na kile, basi. Mahali fulani kulikuwa na watu wa kutosha walioangalia saa zinazofunguliwa, wakaangalia chesi, wakaishia kwenye vituo vya treni. Mimi niliingizwa kwenye foleni yao bila kuwajua.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Netflix. Mwezi wa kumi 2006, wakati bado wanawapelekea watu DVD kwa posta, walitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeweza kukisia nyota ambazo mteja ataipa sinema, kwa usahihi unaozidi wa mfumo wao kwa asilimia 10. Walimwaga hadharani alama milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000. Watu walikesha nazo miaka mitatu. Mwaka 2009 timu mbili zilifungana, na zawadi ikaenda kwa ile iliyotuma kazi yake dakika 20 kabla ya mwenzake. Hapo ungedhani hadithi imeisha kwa shangwe. Lakini mwaka 2012 Netflix wenyewe walieleza kwamba kile kifurushi chote kilichoshinda hawakukitumia. Faida yake haikulingana na kazi ya kukifunga kwenye mitambo. Na tena biashara ilikuwa imehama kutoka posta kwenda mtandaoni, ambako hawana haja ya kungoja nyota zako. Wanaona umebonyeza nini, umeacha dakika ya ngapi, umerudi au hukurudi. Mwaka 2017 hata zile nyota waliziondoa, wakaweka dole gumba.

Mwaka huohuo wa 2012 YouTube nao waligeuza: badala ya kutukuza video iliyobonyezwa sana, wakaanza kutukuza ile inayomkalisha mtu muda mrefu.

Nilicheka niliposoma hayo. Wote hao, na dola zao na wahandisi wao, walifika palepale alipokaa Kaka wa Flashi na mwavuli wake. Usimuulize mtu anapenda nini. Tazama alilala wapi.

Ila yeye alikuwa anauliza kwa mdomo, na mimi nilikuwa na nafasi ya kujibu. “Nililala sehemu ya tatu, lakini siyo kosa la muvi, nilitoka zamu.” Anaiacha. “Nililala kwa sababu umeme ulikatika.” Anaiacha. Ile ya mashine haina sehemu ya kujazia sababu.

*

Mwanzoni mwa 2021 niliondoka lojini, nikahamia kwa dada yangu Ngarenaro, yeye na mwanawe wa miaka sita. Simu ileile, akaunti ileile. Nikarudi kwenye kifurushi cha wiki cha shilingi 5,000.

Sasa tazama mtu wa bando anavyoishi. Picha naishusha mpaka nyuso za watu zinakuwa kama ugali uliomwagiwa maji. Video ya dakika arobaini siifungui hata ikiniita kwa jina. Ikianza vizuri naikata dakika ya tatu, najiambia nitaimalizia kwenye waifai ya mtu, na sirudi. Jioni mpwa wangu anakuja, “Mamdogo, naomba katuni,” na katuni hizo tunazirudia zilezile kwa kuwa tayari ziko kwenye simu. Asubuhi dada anaazima asikilize kwaya akipiga pasi.

Ndani ya mwezi mmoja ukurasa wangu ukawa: mabao ya sekunde thelathini, vichekesho vya dakika mbili, kwaya, na nguruwe wa katuni anayeongea Kiingereza. Wazee wa chesi wametoweka. Mfereji wa Panama umefukiwa. Na mashine haikuwa imekosea chochote! Ilikuwa imemsoma sawasawa mtu asiyemaliza kitu kinachozidi dakika nne. Ilikuwa inatazama salio langu ikidhani inatazama moyo wangu.

Hili silioni likisemwa na wanaobishana. Wanazungumza kana kwamba kujaribu ni bure. Mtu wa London akibonyeza kitu kibovu amepoteza dakika tatu; mimi nimepoteza dakika tatu na mkate wa kesho asubuhi. Kwenye gemu ndiyo usiseme: gemu la GB mbili, halafu ukilifungua linataka kushusha tena “vitu vya ziada”, na simu imejaa, ufute picha za msiba au ufute programu ya benki. Kwa hali hiyo nani atajaribu kitu asichokijua? Unashusha kile ambacho rafiki yako ameshakicheza. Na kila unapoogopa kujaribu, mashine inaandika kwamba hupendi kujaribu, na kesho inakuletea kidogo zaidi ya jana.

Ukikasirika, kuna vitufe vya kukasirikia. Mwaka 2022 Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walitoa utafiti juu ya vitufe hivyo kwenye YouTube, kwa data ya watu zaidi ya 20,000 waliojitolea. Kile cha kusema “sivutiwi” kilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo yanayofanana na lililokataliwa. Cha kutopenda, asilimia 12. Cha kukataza chaneli nzima ndicho kilichojikaza kidogo, asilimia 43. Mimi kwa yale mapenzi ya Kikorea nilimtukana Kaka wa Flashi mara moja tu, akasikia.

Au tuseme alijifanya amesikia. Nitalirudia hilo.

*

Yule mzee mlinzi wa lojini ndiye aliyenifundisha drafti. Ubao aliuchora kwa mkaa kwenye kifuniko cha boksi la maji, kete zake vizibo vya bia, zangu vizibo vya soda, kwa sababu, alisema, “wewe mtoto wa watu usiguse bia hata kizibo.” Kila usiku nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba huku anapanga kete. Alinifunga wiki tatu mfululizo. Alikuwa na tabia ya kukuachia kete moja iliyokaa vibaya, unaila kwa tamaa, kisha anatulia, anakohoa, anakula nne kwa mkupuo mmoja, tak tak tak tak, na kila kizibo anakipanga pembeni ya goti lake kama anahesabu mahari.

Nilipoondoka nikaukosa mchezo ule. Nikaingia kwenye duka la programu la simu, nikaandika drafti. Likaniletea ukurasa mzima, yote yamepakuliwa na mamilioni ya watu, yote yanang'aa. Nikashusha la kwanza. Nikaingiza kingi, nikataka kumrusha kona hadi kona, akakataa: kingi wao anatembea hatua moja kama mzee mwenye goti bovu. Kumbe hizo ni sheria za Uingereza na Marekani. Kingi wetu anafagia mshazari wote. La pili hivyohivyo. La tatu, kete za kawaida zinakula kinyumenyume, kitu ambacho mzee angekirushia kizibo. Na kadiri nilivyoshusha ndivyo duka lilivyozidi kuniletea ya namna hiyohiyo, maana sasa nilikuwa “mtu anayependa haya”.

Aliyenitoa huko ni kijana wa bodaboda kijiweni kwetu. Alinikuta nimekaa nasubiri mvua ikatike, akachungulia simu. “Sista, hilo unalocheza la Wazungu. Subiri.” Akawasha Xender, akanirushia drafti yenyewe, sheria za hapa, haina hata matangazo, halikula MB hata moja. Mvua ilipokatika tulikuwa mechi ya nne, amenifunga tatu.

Sasa fikiria. Gemu lile halikutoka dukani kuja kwangu. Lilitoka simu hadi simu, na alilipata hivyohivyo kwa mwenzake. Kwenye vitabu vya duka hatumo. Ukilitazama humo utadhani lina watu wachache, basi linawekwa chini, na kwa kuwa liko chini halionekani. Vitu vyetu vingi tunavigawana hivi, kwa flashi, kwa Xender, kwa kumnong'oneza mtu sikioni, na njia hizo hazina anayehesabu. Halafu tunaambiwa mashine inatuonyesha wanachopenda watu.

*

Ule mchezo wa “watu” nao una mambo yake. Kuna jaribio moja lilichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2006, la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaweka wasikilizaji zaidi ya 14,000 kwenye tovuti. Kundi moja kila mtu alichagua kivyake bila kuona wengine wamepakua nini. Wengine waligawanywa kwenye “dunia” nane, kila dunia ikiona hesabu za dunia yake tu. Nyimbo zilezile, mwanzo uleule. Kila dunia ikatoa vigogo wake. Wimbo mmoja ambao kwa watu wanaojichagulia ulikuwa wa 26, katika dunia moja ulikuwa wa kwanza, katika nyingine wa 40. Nyimbo mbovu kabisa hazikufika juu na nzuri kabisa hazikuzama sana, lakini hao wa katikati, ambao ndio wengi, waliamuliwa na nani alibonyeza mapema.

Kwenye magemu nimeona jambo hilohilo kwa jina. Among Us, gemu la kumsaka mwongo aliyejificha kati yenu, ilitoka mwaka 2018, kazi ya watu watatu huko Marekani. Ikakaa miaka miwili bila kelele. Mwaka 2020 wanaocheza gemu mubashara mtandaoni wakaikamata, na ghafla dunia nzima iliyofungiwa ndani ikawa inatuhumiana uongo. Gemu ni lile. Kilichopatikana ni watu wanaoaminiwa waliokaa mbele ya wenzao wakacheza wakicheka. Mashine ilikuja baadaye kumwaga petroli.

Siwalaumu sana wenye maduka. Tangu 2017 Steam, duka la magemu ya kompyuta, wanapokea gemu la mtu yeyote mwenye dola 100 za ada, na siku hizi yanaingia zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya 27 kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo. Bila chujio ungezama. Ila mashine inayojifunza kutoka kwa wachezaji haina la kusema kuhusu gemu ambalo halijachezwa, kama vile mshenga asivyoweza kumsifia msichana ambaye hakuna anayemjua. Lazima awepo wa kwanza wa kujitosa. Na wa kwanza huwa ni mwenye waifai.

Muziki nao nisiuguse sana. Nikipiga hip hop ya hapa, ya akina X Plastaz waliochanganya uimbaji wa Kimaasai na kufoka kwa Kiswahili, programu yangu inajitahidi nyimbo mbili. Ya tatu tayari tumefika Dar. Kila siku. Nimeshazoea, ni kama basi la alfajiri.

*

Mwezi uliopita nilipita Kilombero. Mwavuli haupo, Kaka wa Flashi amehamia kwenye fremu, anagawana kodi na kinyozi. Anauza chaja, kava na spika za kuning'iniza. Kopo la Blue Band lipo juu ya kabati, limebaki na flashi chache. Nilimwonea huruma mapema mno, kwa sababu nikiwa pale aliingia kijana wa sekondari, akanyosha simu.

“Kaka, hii muvi inaitwaje?”

Kilikuwa kipande kimoja kati ya vile vinavyoletwa na simu bila kuitwa: mwanamume anaingia mahakamani amelowa mvua, picha imeharakishwa, maandishi juu, mtu anasimulia kwa Kiswahili cha kukimbia, na jina la sinema hakuna popote. Kaka alitazama kama sekunde tano.

“Hiyo ya Kihindi, ya zamani. Na huyo msimuliaji anakudanganya, huyo siyo kaka yake, ni shemeji yake. Ndiyo maana analia.” Akafungua kompyuta, akaipata, akamwekea kwenye memori kadi. Shilingi 500. Kabla hajachomoa, nikaona mkono wake unasogea, anaongeza kitu.

Nikamuuliza kama wanakuja wengi wa namna ile. Akasema tangu Jumatatu yule ni wa sita, wote na kipande kilekile. “Simu zinawaonyesha kipande. Jina wananifuata mimi.” Ukutani, nyuma ya kava, lile daftari la kaunta limepata ndugu: ukurasa umegawanywa safu mbili, kushoto “analowa mvua mahakamani”, “mtoto anauza maji garini”, “babu ana bastola kwenye keki”; kulia, majina.

Nilimpa flashi yangu, uzi mwekundu umechakaa kuwa wa pinki. Akaichomeka, akaanza kupekua.

“Dada umepotea. Ulilala wapi?”

“Sikulala mimi. Bando ndilo lililolala.”

Akacheka ile ya kuegemea, ila safari hii akaegemea kabati. Akaniwekea nilichokifuata, kesi ya mahakamani, na akaongeza chake. Hakusema ni nini. Aliniambia tu nikichukia najua anapopatikana.

Nyumbani nilichomeka kwenye luninga ya dada, nikafungua folda ya muvi. Kesi ilikuwepo, nyongeza haikuwepo. Nikadhani amesahau. Jana usiku, natafuta nakala ya cheti changu cha kidato cha nne kwa ajili ya maombi ya kazi, nikafungua VYETI. Sehemu ya kumi na sita ilikuwa palepale nilipoificha miaka ile, na chini yake ameipanga nyingine mpya, ya Kikorea, ya mapenzi, kuanzia sehemu ya kwanza.

Nimefika sehemu ya tisa.